Bafta ya Marejeo

1

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Nilikuwa nimeshika kata ya maji, glavu zimenibana mikono, macho nimeyatuliza ukutani ili nisimwangalie shangazi yangu usoni. Nyuma yangu Bi Mwantumu alikuwa amechuchumaa, anasaga kitu cheupe kwa kitako cha bilauri. Chumba kikajaa harufu kali, yenye ubaridi, inayopanda puani mpaka ikachoma nyuma ya macho. Nikajikuta nimesema, kwa sauti yangu ya kazini kabisa, "Nani kafungua tangi namba tatu?"

Bi Mwantumu aliacha kusaga. Bi Tabu, msaidizi wake, aliacha kukamua kitambaa. Wakaniangalia kwa huruma na tahadhari, kama mfiwa aliyeanza kupayuka.

"Hapa hakuna tangi, mwanangu," akasema Bi Mwantumu. "Mwagia upande wa kulia. Polepole, usimrushie."

Nikamwagia. Nina miaka arobaini na moja, ni mkemia mkuu wa Kiwanda cha Marejeo hapa Korogwe, watu wananiita Dokta Salha, na siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumba cha kuoshea maiti. Mama alipofariki nilikuwa masomoni. Baba alipofariki alioshwa na wanaume wenzake. Shangazi Hidaya hakujaliwa binti, kwa hiyo asubuhi ile nilishikwa mkono nikaambiwa, twende, zamu yako. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kusema kwamba naogopa.

Bi Mwantumu alitia nusu ya ule unga kwenye ndoo ya maji ya mwisho, maji ya uvuguvugu. Nusu nyingine akaenda nayo kwenye mkeka, ambako sanda ilikuwa imetandikwa vipande vyake vyote vitano. Sanda hiyo nilikuja nayo mimi mwenyewe. Ilikuwa bafta nyeupe, nyepesi, laini, iliyofumwa kiwandani kwetu, na asubuhi nilipoikabidhi nilijisikia fahari kidogo, Mungu anisamehe. Bi Mwantumu akaanza kuinyunyizia.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Karafuu maiti. Hujawahi kuiona?"

Nilikuwa nimeiona. Kiwandani tunatumia tani mbili kwa mwezi. Inatujia kwenye mapipa ya bluu, pembeni imeandikwa idadi ya kaboni na haidrojeni, na sisi tunaiita kiamsho. Tunaiyeyusha kwenye tangi namba tatu, tunazamisha nguo za bafta zilizochakaa, na baada ya saa moja nguo zinakuwa uji.

"Bi Mwantumu," nikasema, "subiri kwanza."

Alisubiri, mkono hewani, unga umo vidoleni. Nilimwangalia yeye, nikaangalia mkeka, nikamwangalia shangazi yangu kwa mara ya kwanza siku ile. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Badala yake nikajiambia labda nimekosea hesabu, labda kwa joto dogo haitafanya kitu, labda, labda. Niliona haya kuliko nilivyoona hofu.

"Basi," nikasema. "Hamna kitu."

Akaendelea kunyunyiza.

2

Niwaeleze hesabu yangu, maana ndiyo iliyonikaa kichwani wakati wanamvisha shangazi.

Tangu mashamba ya pamba yakauke, nguo zote zinatoka kwenye nguo za zamani. Sheria ya Marejeo iko wazi: ukivaa, ukachakaza, urudishe. Yale mashamba ya mkonge ya kuanzia hapa mpaka Hale sasa yamelaliwa na marobota ya mitumba ya dunia nzima, na mvua ikinyesha mji unanuka kabati. Shida kubwa ya marobota hayo haikuwa uchafu, ilikuwa mchanganyiko. Shati la zamani ni pamba sitini, polyester arobaini, zimesokotwa ndani ya uzi mmoja. Kuzitenganisha ni kama kuitoa sukari kwenye chai. Tulipata kimeng'enya kinachokula polyester peke yake na kuiacha pamba. Pamba ile tunaigeuza uji, tunaipitisha kwenye matundu membamba kuliko unywele, inatoka uzi mpya. Kazi hiyo inataka moto mwingi na maji mengi, na maji hatuna.

Ndipo mimi nikapata wazo langu. Uzi mpya tunapousokota, kwa nini tusimlaze humo humo ndani mwangamizi wake? Tukatengeneza vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kifuko kimebeba vimeng'enya vilivyolala. Nguo utaivaa, utaifua, utaianika miaka kumi. Siku ikirudi kiwandani tunaipa kiamsho kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, ukuta wa vifuko unalainika, vilivyolala vinaamka, na nguo inajiachia yenyewe. Hakuna tanuri. Maji ni robo ya yale ya mwanzo. Nilipewa tuzo kwa hilo, na nilistahili.

Kuchagua kiamsho kulituchukua siku mbili mezani. Kisiwe kwenye sabuni, kisiwe kwenye jasho, kisiwe kwenye mvua, marashi wala mchuzi. Nilipendekeza hiki. Mwenzetu mmoja akasema bibi yake alikuwa akikitia sandukuni kufukuza nondo. Tukajibu kikiwa kikavu hakina madhara. Tuliulizana mara tatu: nani duniani analowesha nguo kwa kitu hiki na maji ya moto? Tulikuwa wanaume watano na wanawake wawili, wote wasomi, wote tumezaliwa na kulelewa nchi hii hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuosha maiti. Tukaandika: matumizi ya nyumbani, hakuna.

Majaribio tuliyafanya kwa kitambaa kisichotiwa rangi, yaani bafta nyeupe, tangu Jumadi. Na kwa kuwa bafta ilikuwa nyingi, kiwanda kikaigawa misikitini bure kwa ajili ya sanda. Ilitangazwa mpaka redioni.

Kwa joto la digrii hamsini, kazi ni saa moja. Siku ile Korogwe ilikuwa thelathini na sita kivulini. Nikapiga hesabu: saa tatu, labda na nusu. Tulimaliza kumvisha shangazi, mwili ungali na unyevu wa yale maji ya mwisho, saa sita mchana. Mazishi yalikuwa baada ya Adhuhuri, kwa hiyo nikajiambia atakuwa ameshazikwa. Halafu ikaja habari kwamba reli imepinda kwa joto njiani, treni ya Dodoma imesimama, na mwanawe wa pekee, Jumbe, hatafika kabla ya saa tisa. Wazee wakakubaliana kumsubiri, azikwe baada ya Alasiri.

3

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha pipa la maji, nikampigia Mkurugenzi Lwiza. Nilimweleza kwa sentensi nne. Nikasikia mlango wa ofisi yake ukifungwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Alhamdulillahi. Sikiliza, Dokta. Natoa magari sasa hivi. Tunakusanya bafta yote misikitini, tunasema kundi hili lina madoa, tunawapa ile ya zamani isiyo na vifuko. Kuanzia kesho alfajiri hakuna maiti mji huu atakayevishwa ile yako. Umeridhika?"

"Na waliokwisha kuzikwa?"

"Wamezikwa."

"Mkurugenzi, ni watu mia mbili na kumi na saba. Hesabu hiyo uliisoma wewe mwenyewe redioni."

"Nakumbuka." Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua. "Salha, dada yangu, hebu fikiri. Utamwendea mjane, umwambie mumeo yuko chini ya ardhi bila kitu mwilini. Ili iweje? Amfukue? Amvishe tena? Hakuna atakachofanya ila kulia upya. Wa kesho tumewasitiri. Wa jana waache na Mola wao. Na kiwanda kikifungwa, nusu ya mji huu itakula nini?"

Nilikata simu, nikabaki nimeegemea lile pipa, na hapo ndipo likanipiga lile nililokuwa nalizunguka tangu nisikie harufu. Baba.

Baba yangu, Mzee Mbaruku, alifariki tarehe kumi na mbili Ramadhani, alfajiri, mimi nikiwa Mwanza kwenye mkutano. Nilipiga simu kiwandani nikasema mpelekeeni baba bafta ya kwetu, jora jipya kabisa. Nilitaka avishwe kazi ya mikono ya binti yake. Alioshwa saa nne asubuhi. Wakanisubiri mimi. Nilifika saa kumi na moja jioni, nikaliona jeneza tu limefunikwa guo la kijani, likabebwa likaenda. Saa saba nzima, kwa sababu yangu.

Aliyemuosha ni Mzee Semboja, rafiki yake tangu utotoni, na ndiye aliyeshuka kaburini akawa upande wa kichwani. Jumbe, aliyeshika upande wa miguuni wa mkeka aliofungiwa baba, alinisimulia baadaye jambo ambalo hatukulielewa: kwamba walipokwisha kumlaza, Mzee Semboja aliwaamuru wenzake kwa ukali wapande juu, akabaki peke yake kule chini muda mrefu. Alipotoka, mharuma wake wa begani haukuwepo. Jumbe alidhani ameusahau kwa majonzi.

Mzee Semboja hakuja kwenye arobaini. Hajakanyaga kwetu tena mpaka leo. Nilimkasirikia, nikaacha kumwamkia njiani, miezi minne sasa. Nilisema moyoni kwamba urafiki wa watu unaishia makaburini.

Nilikaa chini penye tope la pipa na nguo zangu za msiba, na sikuona haya.

4

Saa tisa kasoro robo nilirudi chumbani. Shangazi alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amevishwa, amefungwa kamba zake, na Bi Mwantumu ameketi pembeni anasoma kimyakimya. Bi Tabu alikuwa ametoka kuswali. Mfuko mkubwa wa Bi Mwantumu ulikuwa karibu na goti lake. Niliketi mkabala naye nikaikazia macho ile bafta.

Ilianzia kifuani. Haikuchanika, wala haikutoa sauti. Ilipoteza kwanza ule weupe wake, ikawa kama imeloa, halafu ikalegea, nyuzi zikaacha kushikana, ikabaki utando tu kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Kisha utando ukazama. Bega la shangazi yangu likatokea, kavu, limekonda, na kovu la chanjo ya utotoni.

Nilipiga ukelele. Najua nilipiga, ingawa sikuusikia.

Bi Mwantumu alikuwa ameshasimama. Alisukuma komeo la mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaniziba mdomo.

"Nyamaza! Watu wako nje. Si wa kwanza huyu."

Akaufungua ule mfuko wake. Ulikuwa umejaa khanga. Khanga za zamani, za enzi ya pamba ya shamba, zimefuliwa mpaka maandishi yamefifia. Akazitandua haraka, mkono uliozoea, akamfunika shangazi kabla sijavuta pumzi ya pili.

"Si wa kwanza?" nikasema. "Bi Mwantumu, umeliona hili kabla?"

"Wa saba."

"Tangu lini?"

"Tangu Rajabu. Wakizikwa upesi silioni. Wakicheleweshwa, baadhi yao hutokea." Alisema huku anapitisha khanga chini ya mgongo. "Ndiyo maana natembea na hizi. Mnyanyue kidogo."

Nilimnyanyua. Kichwani nilikuwa nahesabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Huyu mama alikuwa analijua jambo hili miezi miwili kabla baba yangu hajafa. Kiwanda chetu kilikuwa na namba ya simu ya malalamiko, watu watatu wanaipokea, na kila Ijumatatu nililetewa karatasi inayosema bafta haijalalamikiwa hata mara moja. Nilikuwa naisoma karatasi hiyo nikinywa chai.

"Kwa nini hukusema?" Hasira ilinipanda, nikasahau umri wake na heshima yake. "Kwa nini hukumwambia hata mtu mmoja?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Niseme nini, mwanangu? Niende sokoni nikatangaze kwamba fulani sanda imemkataa? Anayeingia chumba hiki haruhusiwi kutoka na aliyoyaona. Sikumwambia hata Tabu. Huwa namtoa nje. Mtu ana lake na Mola wake. Kazi yangu ni kumsitiri." Akashusha sauti. "Na wewe utanyamaza. Shangazi yako alikuwa mama mwema machoni petu. Lililo ndani analijua Muumba. Hutamsema."

Nilihitaji muda kulielewa, maana mimi nilikuwa nafikiria vifuko na digrii. Kisha nikaelewa. Waoshaji hawakuwa wamenyamaza kwa woga wala kwa uzembe. Walidhani ni ishara. Walidhani kila maiti aliyevuliwa na ile bafta alikuwa na dhambi yake ya siri, na kitambaa kimelijua lile ambalo watu hawakulijua.

"Bi Mwantumu," nikasema, "hawa saba, umewadhania nini?"

"Sidhani kitu. Nawaombea."

"Ni akina nani?"

"Huniulizi hilo."

"Mmoja tu. Wa kwanza."

Alikuwa anafunga fundo kichwani. Vidole vikasimama.

"Wa kwanza ni Zubeda," akasema. "Mwanangu wa kumzaa."

Yeye akaendelea, macho kwenye fundo, kana kwamba anaongea na shangazi.

"Nilimuosha mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini. Nilikuwa namjua mwanangu kuliko nilivyoijua nafsi yangu, au nilidhani. Nilipoiona ile sanda inamtoka nikasema, kumbe sikumjua. Nilipekua vitu vyake vyote. Nikasoma barua zake. Sikuona kitu, nikasema basi ni mumewe ndiye aliyempotosha, maana huyo ndiye aliyemhamisha kwangu. Nikamfukuza mlangoni kwangu mbele za watu. Akaondoka na watoto. Wajukuu zangu sijawaona tangu mfunguo mosi." Akalikaza lile fundo. "Na kila Alhamisi nafunga kwa ajili ya dhambi nisiyoijua."

Nilifikiri juu ya Mkurugenzi Lwiza na swali lake, ili iweje. Jibu lilikuwa limechuchumaa mbele yangu, lina vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Zubeda hakuwa na dhambi hiyo," nikasema.

"Usinifariji."

"Sikufariji, mama. Nasema ninalolijua. Ni bafta. Ndani ya uzi wake tumeweka dawa inayolala, na kinachoiamsha ni karafuu maiti na maji ya moto. Tuliiweka ili tukiirudisha kiwandani iyeyuke kwa urahisi. Hatukufikiri kwamba... Mimi sikufikiri. Mimi ndiye niliyechagua karafuu maiti. Sanda haikumkataa mtu yeyote. Ingeniyeyukia mimi, ingekuyeyukia wewe, ingemyeyukia mtoto mchanga."

Alikaa.

"Rudia."

Nikarudia. Nilirudia neno kwa neno, na safari hii nilimwambia na habari ya digrii na saa, na kwa nini waliozikwa upesi hawakuonekana. Alisikiliza huku anatikisa kichwa, taratibu, upande mmoja na mwingine.

"Yaani ni kama sabuni tu," akasema. "Ni mambo ya sabuni."

"Ni mambo ya sabuni."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Alininyoshea mkono, nikafumba macho, na nikahisi kitambaa kimewekwa kiganjani mwangu. Ilikuwa ncha ya khanga.

"Shika hapo," akasema, sauti imekauka. "Vuta vizuri. Tumalize kumsitiri shangazi yako, halafu utakwenda kusema."

"Ulisema ya chumba hiki hayatoki."

"Ya maiti hayatoki," akasema. "Haya si ya maiti. Haya ni yako."

5

Saa kumi wanaume walikuja mlangoni na jeneza. Jumbe alikuwa mbele, vumbi la safari lingali kwenye nyusi zake. Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Mkurugenzi alikuwa ameandika: *Magari yamekwisha toka. Kimya tafadhali. Kwa faida ya wote.*

Nilisimama kizingitini. Nusu ya wanaume waliokuwa uani ni wafanyakazi wa kiwandani kwetu. Niliwaona wachambuzi wa marobota, niliwaona wasokotaji, nilimwona na yule anayelinda tangi namba tatu. Nikifungua mdomo, huenda wiki ijayo wasiwe na kazi, na mimi nitakuwa wa kwanza. Nilijua hilo vizuri, na liliniuma.

Nyuma kabisa, kando ya ua, alisimama Mzee Semboja. Alikuwa amekuja kumzika dada wa rafiki yake, ila amekaa mbali na sisi wenye msiba, fimbo mkononi, mabega wazi bila mharuma.

Si desturi mwanamke kusimama mbele ya wanaume saa ya kutoa jeneza. Bi Mwantumu alikuja akasimama ubavuni kwangu, na kwa hiyo hakuna aliyeniambia niondoke.

"Jamani," nikasema. "Nawaomba dakika moja kabla hamjabeba."

Nikawaambia. Nilisema bafta inayotoka kiwandani ina dawa ndani yake, na dawa hiyo inaamshwa na karafuu maiti. Nilisema tangu Jumadi, sanda zote zilizotolewa na kiwanda haziwezi kudumu. Nilisema shangazi yangu amevishwa khanga, na kwamba kuanzia leo msiipokee ile bafta hata ikiletwa kwa maelezo gani. Kisha mtu mmoja akasema, "Mke wangu," bila kumwambia yeyote. Mwingine akalishika jeneza kwa mikono miwili asianguke. Yule mlinzi wa tangi alikuwa ananiangalia kinywa wazi. Alimzika mama yake mwezi wa Shaabani.

"Wako waliooshwa na kuzikwa, na walioona jambo wakalificha," nikasema. "Walilificha kwa heshima. Waliona sanda inamtoka mtu wakadhani ni ubaya wake. Nasema mbele yenu nyote, haukuwa ubaya wa mtu yeyote."

Watu walianza kusema wote kwa pamoja. Jumbe alikuwa ananiita jina, ananiuliza, ananivuta mkono. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Mzee Semboja, maana alikuwa ameanza kuja.

Alipita katikati yao bila kumwangalia mtu. Alitembea kwa shida, fimbo inatafuta ardhi, na kila aliyeguswa alisogea. Alifika mbele yangu, akasimama. Karibu hivi niliona amezeeka mno kwa miezi minne.

"Shikamoo, baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu Ramadhani.

Hakuitikia.

"Nilimfunika," akasema. "Kule chini. Nilikuwa na mharuma tu, haukutosha, nikamfunika palipohitajika. Nilisema sitamwambia mtu, na sikumwambia. Lakini miaka sitini, Salha. Miaka sitini tumekula pamoja, nikawa najiuliza, huyu mtu alikuwa nani? Nikashindwa kuja kwenu. Nikashindwa hata kumwombea dua kwa jina lake."

"Najua, baba."

"Kwa hiyo Mbaruku," akasema, na fimbo ikamtoka mkononi ikaanguka, na hakuna aliyeinama kuiokota, "Mbaruku hakuwa na lolote?"

"Hakuwa na lolote, baba," nikamwambia. "Ni mimi."